Wauzaji wa roboti la sola la kusafisha bwawa, mnatufanya watoto wadogo?

Assalamu alaykum wanabodi. Mie si mtu wa kuanzisha uzi, kawaida yangu nasoma na kupita. La leo limenishinda.

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya wenye nyumba za wageni, kuanzia Nungwi na Matemwe kaskazini mwa Unguja mpaka huku kwetu Paje, Jambiani na Makunduchi. Mmeshaliona. Bwawa la buluu, dude jeupe linaelea juu na paneli mgongoni, linajiendea lenyewe likiokota majani, na chini yake ahadi kwamba utapunguza mfanyakazi, utapunguza umeme kwa kuwasha pampu ya bwawa saa chache zaidi, na jua ni la bure. Mie ni msimamizi wa nyumba ya kukodisha hapa Jambiani. Mwenye nyumba yuko ughaibuni na tangazo likamfikia hukohuko aliko. Akanunua. Hakuniuliza mimi, hakumuuliza kijana anayesafisha bwawa, katuma milioni mbili na ushei kwa muuzaji wa Dar, mzigo ukavushwa kwa boti. Sasa majirani wa Bwejuu wananipigia simu: vipi bwana, linafaa, na sisi tulete?

Msilete. Sababu nazieleza hapa, na kama muuzaji yumo humu ndani, uwanja ni wake.

Nianze na linachofanya kweli, nisije nikaambiwa nina chuki na maendeleo. Dude linaelea. Lina magurudumu ya kupiga makasia na brashi ndefu mbele inayozunguka na kuvuta maji ya juu, maji yanapita kwenye kikapu, yanatokea nyuma, majani yanabaki ndani. Lina sensa za kuhisi ukuta ili ligeuke. Mchana linachaji betri, jioni linaendelea na kazi kwa akiba hiyo. Yote hayo kweli. Ukiliweka kwenye bwawa kubwa la mstatili, lililo wazi kabisa juani, litazunguka na litaokota majani kabla hayajazama. Hapo ndipo ujuzi wake unapoishia, kwenye sentimita chache za juu.

Haya niambieni, nyie mnaosimamia mabwawa ya pwani ya mashariki, uchafu wenu mkubwa uko wapi? Wetu uko chini. Mgeni anatoka baharini maji yamekupwa, miguu imejaa ule mchanga mweupe wa unga, anapita palepale kwenye bomba la kunawia kama halioni, chubwi! Familia moja yenye watoto, kufika alasiri sakafu ya bwawa haionekani rangi. Mchanga hauelei. Kuliachia dude hili bwawa la Jambiani ni kufuta meza vizuri huku vumbi lote liko sakafuni. Bado kijana atashika mpini, atasukuma brashi, atavuta mchanga kwa mpira kama alivyokuwa akifanya jana. Sasa mfanyakazi kapungua wapi?

Na hayo majani yenyewe, majani gani? Kwenye matangazo ni vijani viwili vitatu vya saizi ya kidole, vimepangwa vizuri mbele ya kamera. Sisi tuna mti wa mkungu. Jani moja la mkungu ni kama sahani, na mti ukianza kupukutisha hautoi moja. Likifika mdomoni mwa dude linaziba njia, brashi inazunguka bure na yanayofuata yanasukumwa pembeni. Mvinje ndio usiseme, vile visindano vyake vinajisokota kwenye brashi mpaka mota inalia. Halafu makuti. Nyumba ngapi hapa pwani hazina banda la makuti kando ya bwawa? Kila upepo ukipiga zinashuka nyuzinyuzi na vumbi la kahawia, na vile vyembamba vinapenya kikapuni vinatoka upande wa pili, dude linaendelea na safari zake limeridhika kabisa. Sijawataja kunguru, ambao kwao bwawa ni pa kulowekea mkate. Sijataja na mafuta ya jua ya wageni, yanayoweka ule utando juu ya maji na kuziba kitambaa cha chujio.

Kikapu kikijaa linafanya nini? Linaendelea kutembea na mzigo wake. Ni lazima mtu alivue maji yakitiririka, alimwage, alisuuze, alirudishe. Huyo mtu ni nani kama si yuleyule mliyetwambia tumpunguze?

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mnapowakamata wenye nyumba. Muuzaji kamkumbusha bosi wangu giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa miezi mitatu bila umeme baada ya waya wa baharini kuharibika. Wallahi kila mtu mzima hapa anaukumbuka msimu ule na kelele za majenereta. Lakini waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba uko kazini tangu 2013. Umeme wa kukatikakatika tunao, sikatai. Ila tuseme umekatika kweli, na dude linaendelea kuogelea kwa jua lake. Pampu imesimama. Maji hayapiti kwenye chujio, klorini haizunguki, na jua letu hili linaila klorini isiyokingwa kwa saa chache tu. Juu pamefagiwa safi, chini maji yanageuka kijani. Mgeni atalipia juu peke yake?

Na hata umeme ukiwepo, hiyo hesabu ya kupunguza saa za pampu imetoka wapi? Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita moja na nusu, ni lita 48,000. Hizo lazima zipite kwenye chujio kila siku, majani yawepo yasiwepo, kwa sababu jasho, mkojo wa watoto na mafuta havipiti kwenye kikapu cha plastiki. Pampu ya nguvu farasi moja inakula kama wati 750, kwa saa nane ni uniti 6. Uniti hizo ziko palepale. Labda utapunguza saa moja msimu wa wageni wachache, labda. Hiyo ndiyo ya kulipia milioni mbili?

Hilo jua la bure nalo tulipime. Paneli ya mgongoni ina ukubwa wa kigae cha sakafuni, tuseme sentimita 40 kwa 40. Jua kali kabisa la saa sita linaleta kama wati 1,000 kwa mita mraba, na paneli nzuri inakamata sehemu moja kwa tano. Utapata wati 30 na kidogo, hapo hakuna wingu wala kivuli cha mnazi, na paneli haijanyewa na kunguru. Masika ikiingia, majani na takataka ndiyo kwanza yanamiminika, mbingu imefunga toka alfajiri, na dude limekaa pembeni linasubiri jua. Siku tunayolihitaji ndiyo siku lisipofanya kazi.

Sasa linaloniuma zaidi, na sijamsikia muuzaji hata mmoja akiligusa, ni upepo.

Sisi wa mashariki bahari iko upande wa macheo. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki. Msimu ubadilike usibadilike, upepo unatokea baharini unakuja nyumbani. Watu wa kaiti hapo Paje, wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, wamejenga biashara nzima juu ya jambo hilo. Na mabwawa yetu ya kisasa yamejengwaje? Ukingo wa kumwagikia maji, ule unaofanya bwawa lionekane limeungana na bahari, umeelekea baharini, yaani upande upepo unakotoka. Ukingo ule ndio uliotakiwa kuvuta uchafu wa juu. Uchafu hauendi huko, unasukumwa kinyume, unakuja kujikusanya kwenye ngazi, mbele ya macho ya mgeni anayekunywa chai. Wenzetu wa Kendwa wana bahati, bahari yao iko magharibi na upepo unawapelekea taka ukingoni. Sisi tumejengewa bwawa la picha.

Na dude lenyewe je? Ni jepesi, limelala juu ya maji, kusi ikikaza linasukumwa kona ileile ya majani. Utasema si ndiyo vizuri, limefuata kazi. Linapanda kipandio cha kwanza cha ngazi, maji hapo kiganja tu, linakwama, linakwaruza, brashi inapiga hewa. Kijana anakuja na mpini kulisukuma litoke. Tumeajiri mtu wa kulichunga roboti lililoletwa limpunguze.

Dawa ya bwawa kama hili mafundi wa zamani wanaijua. Ni kile kidirisha cha ukutani kinachovuta maji ya juu, wenyewe wanakiita skima, na kinawekwa upande upepo unakoelekea. Kwetu sisi ni ukuta wa magharibi. Kusi inalundika uchafu kona ya kaskazini magharibi, kaskazi inalundika kona ya kusini magharibi, kwa hiyo skima mbili, kila moja na msimu wake. Upepo wenyewe ndio unaofanya kazi, bure, usiku na mchana, pampu ambayo lazima iwake inamalizia. Lakini mkandarasi anabana bei, anaweka moja pale bomba lilipo fupi, au haweki kabisa kwa kuwa kuna ukingo wa picha. Kisha baadaye anakuja muuzaji kutuuzia roboti la kufunika aibu ya mkandarasi. Hela ile ilikuwa ianze kazi ya skima. Ikibaki, kata matawi ya mkungu yanayoinamia maji, nunua wavu mzuri wa mpini mrefu, na uweke bomba la kunawia miguu mahali ambapo mgeni hawezi kulikwepa.

Kuna na aina zenye kikombe cha kidonge cha klorini, ati linasafisha na kutia dawa kwa pamoja. Vidonge vile vina asidi. Dude likikwama kona moja nusu siku, dawa yote inashuka papo hapo, na bwawa lililopigwa plasta ya chokaa au simenti linaliwa taratibu. Msije mkamlaumu fundi wa plasta.

Spea sasa. Brashi ikiisha, na kwa mvinje wetu itaisha mapema, unaipata wapi? Nimezunguka soko la Darajani, nimeuliza na la Mwanakwerekwe, watu wananitazama. Muuzaji kaniambia itaagizwa, nisubiri. Betri ni ya lithiamu, na betri hizo kwenye ndege zina masharti yake kama mzigo wa hatari, kwa hiyo subira juu ya subira. Skrubu zimeanza kutu kwa chumvi ya hewa na maji yetu ya kisima ambayo yana chumvichumvi tangu enzi za mababu. Na hapo kifaa kimeandikwa kinastahimili chumvi.

Mtu wa Kigomasha kaniuliza inboksi kuhusu Pemba. Kaka, nyie mko karibu na msitu wa Ngezi, majani mengi na kivuli kingi pamoja. Paneli itakufa njaa. Usijaribu.

Mtaniuliza, hakuna anayefaa kulinunua? Yupo. Mwenye bwawa kubwa lisilo mti wala makuti, lisilo ngazi pana, na wageni wasiotoka ufukweni, na fundi wa kulifungua akiwa jirani. Ukimpata pwani hii nijulishe nimuone.

Na la mwisho linanitia hasira kuliko fedha. Kijana wetu wa bwawa, mzaliwa wa hapahapa kijijini, kila asubuhi kabla wageni hawajaamka keshapima maji, keshavuta mchanga, keshaona kama pampu inatoa mlio usio wake. Tangazo lenu limemfanya mwenye nyumba aanze kuniuliza kama tunamhitaji bado. Mmeuza kikapu kinachoelea kwa kumtia mtu wasiwasi na riziki yake. Mie nimeshamjibu bosi kwa video, bwawa juu na bwawa chini, aangalie mwenyewe.

Basi muuzaji, kama unasoma. Brashi ya akiba bei gani, na iko Dar sasa hivi au bado iko kiwandani? Betri ikifa nani anaibadilisha, na kwa muda gani? Dude likirudishwa, nauli ya boti na usumbufu ni juu ya nani? Jibu hapahapa hadharani, wenye mabwawa wote wasome. Inboksi usinije, sifungui.