Mchanga unaojipanga kwa sauti: ni sanaa au ni fizikia tu?

Fundi Spika (Ngaramtoni): Wakuu, jana nimegundisha kitovu cha sinia la bati juu ya spika, nikamwagia mchanga mkavu uliochekechwa, nikapiga mlio mmoja kutoka kwenye simu. Mchanga ukarukaruka, ukajikusanya mistari, ikatoka nyota! Nilivyoufanya mlio mwembamba zaidi, nyota ikavunjika, zikaja nakshi ndogondogo kama za kanga. Nataka kutundika picha yake ukutani. Jirani anasema si sanaa, maana sijachora kitu. Nyie mnasemaje?

Mwl Hesabu (Moshi): Jirani yuko sahihi. Mjerumani Ernst Chladni alichapisha hayo mwaka 1787, akisugua ukingo wa bamba kwa upinde wa fidla. Mchanga hukimbia panapotetemeka, hutulia pasipotikisika. Aliyeshinda tuzo Ufaransa kwa kuyaeleza kihesabu ni mwanahisabati Sophie Germain, 1816. Hiyo ni kanuni, haina mtu anayeamua. Tukiita hii sanaa, basi na zile shanga za kuuzia watalii Arusha tuziite hesabu.

Mama Namnyak: Mwalimu, hapo kwenye shanga umenichoma. Hizo "za watalii" zimesomesha wanangu watatu. Umewahi kutunga zile pana za shingoni? Kila mzunguko wa nje unadai shanga kama sita zaidi ya uliotangulia, la sivyo duara linajikunja kama bakuli. Nikikosea mbili tu, nyekundu haikutani na nyekundu. Nafumua yote.

Mwl Hesabu: Shikamoo mama. Sikudharau kazi yako. Na hiyo sita si bahati: duara likipanuka pande zote kwa upana wa ushanga mmoja, mzingo wake huongezeka kwa pai mara mbili, yaani shanga 6.28.

Kijana wa Sakina: Kumbe ni hesabu! Si ndicho ulichokuwa unakikataa sasa hivi? Walimu kama wewe ndio mliotuchukiza hesabu. Hakuna aliyetuletea hata ushanga mmoja darasani.

Mwl Hesabu: Hujawahi kukaa darasani kwangu, kijana. Nina wanafunzi zaidi ya themanini na boksi la chaki. Usinihukumu.

Fundi Spika: Jamani, na picha yangu?

Mama Namnyak: Itundike, mwanangu. Marahaba, mwalimu, ila hujanijibu kuhusu watalii. Jumamosi tuna harusi huku, karibu. Tukiimba tunatikisa mabega, na lile duara linapanda na kushuka shingoni kufuata wimbo. Pale sokoni ulikoliona lilikuwa limelala tu mezani.