Kigari cha mtoto katika safari ya kuunganisha ndege: nikikabidhi kaunta au nikisukume hadi mlangoni mwa ndege?

Mama Nasra, Dar es Salaam

Habari zenu wanajamvi. Mwezi ujao natarajia kusafiri na binti yangu, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, kutoka Dar es Salaam kwenda London kupitia Dubai, ambako tutasubiri ndege ya pili kwa saa zipatazo tano. Baba yake alikwisha kutangulia, hivyo nitakuwa peke yangu na mtoto, mkoba wake, na kigari chake cha kusukuma, ambacho kinakunjika lakini hata kikikunjwa bado ni kikubwa na kizito. Naomba msaada wa waliokwisha kusafiri hivyo. Je, ni afadhali nikikabidhi kaunta pamoja na masanduku, au nikisukume hadi mlangoni mwa ndege? Na nikikifikisha mlangoni, nitarudishiwa Dubai ili nikitumie wakati wa kusubiri, au nitakutana nacho London? Ndugu mmoja ananiambia nitakikuta mlangoni mara tu nitakaposhuka, mwingine anasema nisikitarajie mpaka mwisho wa safari, na kila mmoja anazungumza kwa uhakika.

Mstaafu wa Kiwanjani

Mama Nasra, nimefanya kazi ya kupokea abiria na mizigo yao kwa muda mrefu, na ndugu zako wote wawili wanasema kweli. Kigari kinachosukumwa hadi mlangoni hufungwa lebo palepale kaunta, na lebo hiyo ndiyo inayoamua kitarudishwa wapi. Ikiwa imeandikwa kituo cha mwisho cha safari, wapakuaji wa Dubai watakihamishia ndege ya London pamoja na masanduku yako, na ombi utakalotoa ukiwa umesimama mlangoni na mtoto halitabadilisha jambo, kwa sababu mhudumu wa ndani ya ndege hana mamlaka juu ya kazi ya watu walio chini. Ikiwa imeandikwa kirudishwe mlangoni, kina nafasi nzuri ya kukufikia, ingawa hata hapo hutegemea uwanja na mahali ndege ilipoegeshwa. Ndege ikisimama mbali na jengo, abiria wakachukuliwa kwa basi, mara nyingi vigari hupelekwa moja kwa moja kwenye ukumbi wa mizigo.

Watu wengi hudhani kigari kilichokabidhiwa mlangoni hukaa mahali fulani karibu na abiria. Sivyo. Katika ndege kubwa za masafa marefu, masanduku mengi hupakiwa ndani ya makontena, ilhali vigari na viti vya magurudumu vinavyopokelewa dakika za mwisho huwekwa katika sehemu ya mizigo iliyo nyuma, kuelekea mkiani. Vinaweza kutolewa mapema, lakini ni pale tu ambapo mtu ameagizwa kuvitoa.

Kwa hiyo ukifika kaunta usiulize tu kama unaruhusiwa kwenda nacho hadi mlangoni, maana utajibiwa ndiyo na hutakuwa umejua lolote. Uliza: "Dubai nitakipokea wapi?" Kisha isome lebo mwenyewe kabla hujaondoka. DXB ni Dubai, LHR ni Heathrow ya London. Ukiona LHR peke yake, jipange kukaa Dubai bila kigari chako.

Msafiri wa Mbezi

Nakubaliana na mzee wetu hapo juu, na ushauri wangu ni kukisukuma hadi mlangoni hata kama hutakipata Dubai. Pale Dar es Salaam una muda mrefu wa foleni na kungoja kabla ya kupanda, na mtoto wa umri huo akibebwa mkononi muda wote huo, utaingia ndege umekwisha kuchoka. Kwa wanaosafiri na Emirates, uwanja wa Dubai una vigari vya kuazima bila malipo kwa ajili ya abiria wenye watoto wadogo. Muulize mhudumu wa kwanza utakayemwona baada ya kushuka, maana vikiwa vimechukuliwa vyote karibu na lango lako, yeye ndiye atakayejua pengine pa kuvipata.

Jitayarishe pia kwa ukaguzi. Kwenye mashine utatakiwa kumtoa mtoto, kukikunja kigari na kukipitisha pamoja na mikoba, na kikiwa kikubwa kuliko mdomo wa mashine kitakaguliwa kwa mkono. Kapu la chini liwe tupu kabisa, kwa kuwa chupa ya maji au nepi zilizosahaulika humo ndizo zinazowafanya wakurudishe nyuma wakati mtoto analia na watu wanasubiri. Jizoeze nyumbani kukikunja kwa mkono mmoja huku umembeba mtoto kwa mkono mwingine, na kama haiwezekani, mwombe jirani yako kwenye foleni amshike mtoto. Sijaona Mswahili anayekataa ombi hilo.

Mama Baraka, Arusha

Kwa upande wangu, Mama Nasra, napendekeza ubebe mbeleko au kanga imara, hata kama kigari utakwenda nacho. Mtoto akiwa mgongoni, mikono yako yote miwili iko huru kwa ajili ya pasipoti na mkoba, na hakuna mtu atakayekudai lebo. Wakati wa kuruka na kutua utaambiwa umtoe mgongoni, umpakate, na umfunge kwa mkanda wake mdogo unaounganishwa na wako.

Nasema hivi kwa sababu si viwanja vyote vina daraja la kuingilia ndegeni. Hapa kwetu KIA, uwanja wa Kilimanjaro, tunatembea kwa miguu uwanjani na kupanda ngazi, na mama mwenye kigari hukikunja chini ya ngazi, juani au mvuani. Wanaounganisha kwenda Mafia au Serengeti kwa zile ndege ndogo za Cessna Caravan wawe waangalifu zaidi, kwani huko uzito wa mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwa abiria na hutakiwa mifuko laini, hivyo kigari cha fremu ngumu kinaweza kukataliwa papo hapo kama hukuarifu mapema.

Abdulrahman, Mombasa

Naomba niongeze suala la kuharibika, kwa maana limetupata sisi. Kigari chetu kilirudi kwenye mkanda wa mizigo kikiwa na fremu iliyopinda na gurudumu moja la mbele halipo. Mke wangu hakukubali kutoka ukumbini kabla ya kuandikiwa ripoti ya uharibifu, na ripoti hiyo ndiyo iliyotusaidia kulipwa.

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya, Tanzania, Uingereza na Falme za Kiarabu ni wanachama wake, unataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yawasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21. Siku hizo zikipita, shirika lina haki ya kukataa dai lako. Kwa hiyo kipige picha kigari kikiwa kizima, kimekunjwa, lebo ikionekana, mlangoni mwa ndege kabla hakijachukuliwa. Kishikilia kikombe, kifuniko cha mvua na magurudumu yanayochomoka viondoe, uviweke kwenye mkoba wako, kisha kifunge kigari kwa mkanda wa begi kisijikunjue njiani. Na kama kaunta wakikupa karatasi ya kutia saini, isome kwanza, maana huenda inasema kwamba kigari kilipokelewa kikiwa na kasoro.

Mama Nasra

Nawashukuru sana nyote, nimeelewa suala la lebo. Shemeji yangu amejitolea kuniazima kigari chake kidogo, aina ya Babyzen YOYO, ambacho anasema huingia ndani ya ndege kama mkoba. Je, nikikichukua hicho, shida yote ya mlangoni itakuwa imekwisha?

Mstaafu wa Kiwanjani

Kichukue, ni chepesi na kinakunjika vizuri, lakini usifike uwanjani ukidhani kuingia kwake ndani ni haki yako. Kikikunjwa kina sentimita 52 kwa 44 kwa 18. British Airways huruhusu mkoba wa sentimita 56 kwa 45 kwa 25, na hapo kinatosha. KLM huruhusu 55 kwa 35 kwa 25, na hapo kinazidi kwa upana. Hata katika shirika lenye kipimo kidogo, msimamizi wa ndege anaweza kukubali kama makabati ya juu yana nafasi, na anaweza kukataa kama ndege imejaa. Waandikie shirika lako sasa, uwatajie vipimo hivyo vitatu na uzito wake, ambao ni zaidi kidogo ya kilo 6, kisha uje na jibu lao limechapishwa. Kaunta omba kifungiwe lebo hata hivyo, ili wakikikataa mlangoni kiwe tayari kushushwa chini bila wewe kurudishwa nyuma na mtoto.