Mama anakunywa choya pamoja na kidonge cha presha: je, vinaingiliana?

Muulizaji, Tukuyu:
Shikamooni wakubwa. Mama yangu anatumia losatani kila siku kwa ajili ya presha, na tangu jirani amshauri, asubuhi na jioni hunywa kikombe kikubwa cha choya (maua mekundu ya rosela) iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi, tena akitafuna na punje za kitunguu saumu. Jana kipimo kilisoma 98 kwa 60, naye akiinuka kitandani hushika ukuta kwanza. Je, mimea hii inaweza kushusha presha kiasi hicho?

Mfamasia, Iringa:
Marahaba. Inaweza. Choya hupunguza utengenezaji wa homoni inayobana mishipa ya damu na huongeza mkojo kidogo. Losatani nayo huizuia homoni hiyohiyo isifanye kazi, kwa hiyo mama anatumia dawa mbili za njia moja, moja ikiwa na kipimo na nyingine haina. Kitunguu saumu cha kuungia mchuzi hakina neno, lakini kikitafunwa kwa wingi hupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo lenye uzito kwa anayetumia aspirini au wafarini, au anayesubiri upasuaji. Aache choya, na apelekwe kituo cha afya leo, kabla ya kidonge kinachofuata, apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama. Mpeleke na hiyo choya yenyewe, maana wagonjwa wengi wakiulizwa wanatumia nini hutaja dawa za hospitali tu. Kuharisha na upungufu wa damu navyo vichunguzwe.

Mchangiaji, Kyela:
Nguvu ya mimea juu ya moyo si jambo geni huku kwetu. John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone wa Zambezi, aliona mapigo yake yakipungua baada ya kutumia mswaki uliokaa mfukoni pamoja na sumu ya mishale, itokanayo na mbegu za Strophanthus kombe. Baadaye Wazungu walitengeneza humo dawa ya moyo, strofantini, ambayo ilihitaji kupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Muulizaji, Tukuyu:
Nashukuruni, tunaelekea kituoni. Mama anauliza kama na parachichi ayaache.

Mfamasia, Iringa:
Parachichi lina potasiamu nyingi, na losatani huibakiza mwilini. Figo zikiwa nzima, tunda moja halina shida. Aombe zipimwe hukohuko.