Probox: betri inasoma 13.1 gari likiwa limewaka. Ni altaneta kweli?

Dereva wa Mwanga
Habari za jioni wakuu. Nina Probox ya injini 1NZ, nabeba abiria Kigoma mjini hadi Kasulu. Betri bado mpya. Asubuhi kabla sijawasha, mita inasoma volti 12.1. Nikipiga starti inazunguka kwa uzito, siku nyingine vijana wa stendi wananisukuma. Likishawaka napata 13.1 kwenye betri, nikiwasha taa kubwa na feni ya ndani inashuka hadi 12.7. Taa ya betri kwenye dashibodi haiwaki kabisa. Fundi mmoja alichomoa waya wa hasi wa betri injini ikinguruma, gari likazima, akasema altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, imekufa, niagize ya mtumba kutoka Dar. Hela niliyonayo ni ya rejesho la mkopo, ndiyo maana nauliza kabla sijaituma.

Kijana wa Kibirizi
Hapo kaboni za ndani ya altaneta zimeisha mkuu. Badilisha altaneta upumzike.

Fundi wa Gungu
Usitume hela bado.

Mtu akishika waya wa betri kuuchomoa injini ikinguruma, mzuie mkono. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye altaneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu sana zikaunguza dayodi za altaneta, regyuleta inayodhibiti volti zake, hata kompyuta ya gari. Zamani magari hayakuwa na kompyuta, ndipo mazoea hayo yalipotoka. Naumia kuona bado yanaendelea, maana hasara inamwangukia mwenye gari, tena mara nyingi ni mtu anayelisha familia kwa gari hilo hilo.

Sasa tuangalie namba zako. Betri iliyolala usiku ikiwa na 12.1 imebaki na chini ya nusu ya chaji; iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Kwenye gari kama hilo, altaneta nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.5. Lakini altaneta iliyokufa isingepandisha betri yako kutoka 12.1 hadi 13.1. Kuna umeme unatoka, swali ni unapotelea wapi.

Washa gari, taa kubwa na feni viwe vinafanya kazi, mita iwe kwenye volti za DC. Pima kwanza altaneta yenyewe: waya mwekundu wa mita kwenye nati ile nene ya nyuma, mweusi kwenye mwili wake. Kisha pima kutoka nati hiyo hadi chanya ya betri. Halafu kutoka mwili wa altaneta hadi hasi ya betri. Gusa nguzo ya betri yenyewe, si klemu. Vipimo hivyo viwili vya mwisho visizidi volti 0.2 au 0.3 kila kimoja. Angalia nywele na mikono isikaribie mkanda.

Kingine, mtu apige starti wewe ukiangalia mita kwenye betri. Ikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu. Ikibaki juu ya 11 na starta bado inazunguka kwa uzito, tatizo liko kwenye nyaya au kwenye starta.

Dereva wa Mwanga
Nimepima, shemeji kashika usukani. Altaneta 13.9. Upande wa chanya 0.2. Upande wa hasi 1.0! Starti betri inabaki 11.2.

Fundi wa Gungu
Basi altaneta yako nzima. Jumlisha uone: 12.7 ya betri, 0.2 na 1.0, unapata 13.9 ile ile. Volti moja nzima inapotea kwenye njia ya hasi. Injini imekaa juu ya raba, haigusani na bodi, kwa hiyo umeme wote hurudi kwa ule waya mnene uliofungwa kwenye injini au giaboksi. Starta nayo hutumia njia hiyo hiyo, tena kwa zaidi ya ampea 100, ndiyo maana asubuhi inakuwa nzito. Giaboksi iliwahi kushushwa?

Dereva wa Mwanga
Ndiyo, wakati wa kubadilisha klachi.

Wa Ipuli, Tabora
Akishamaliza hapo apime pia kama kuna kitu kinanyonya gari likiwa limezimwa. Langu lilikuwa redio iliyofungwa vibaya. Ikizidi ampea 0.05 gari likishatulia, chomoa fyuzi mojamoja hadi ishuke.

Dereva wa Mwanga
Wakuu, boliti ya giaboksi ilikuwa na kutu, na kichwa cha waya kimeloa oili. Nimesugua kwa msasa hadi chuma king'ae. Upande wa hasi sasa 0.1, na kwenye betri napata 13.6 taa zikiwaka. Starta imepata nguvu. Nimepima na unyonyaji, 0.03. Hela haijaenda Dar, Mungu awabariki. Betri niiache ijijaze yenyewe barabarani?

Fundi wa Gungu
Hapana, ipeleke ichajiwe taratibu usiku kucha, imekaa na njaa muda mrefu na mabamba yake ya risasi yanaweza kuganda salfeti. Ikiwa ina vifuniko, angalia maji. Yakipungua ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, usiongeze asidi. Na hiyo boliti ipake grisi kwa nje baada ya kukaza, isiingie katikati ya vyuma.