Neno moja tu, "patanisha", linataka kunikwamisha shahada. Naombeni ushauri

Mwana_Igoma (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nimekwama na hapa hosteli sina wa kumwambia, wenzangu wote wako mbele.

Nasoma uzamili, isimu ya Kiswahili, mwaka wa pili. Tasnifu yangu inahusu viambishi vya unyambulishaji, vile vipande vinavyobandikwa baada ya mzizi wa kitenzi kuzaa kitenzi kipya. Hoja yenyewe ni nyepesi: viambishi vikirundikana baada ya mzizi vinapanga foleni. Anatangulia kutendesha (-ish-), anafuata kutendea (-i-), halafu kutendana (-an-), kutendwa (-w-) anafunga. Mwanaisimu Hyman aliieleza foleni hiyo kwa lugha za Kibantu mwaka 2003, na mimi nimeonyesha kuwa Kiswahili kinaifuata bila kukosea hata mara moja. Chukueni andikishiana: andik-ish-i-an-a. Chukueni pikishiwa: pik-ish-i-w-a. Kila mmoja kasimama mahali pake.

Jana msimamizi kanirudishia sura ya nne. Kurasa 38 hajagusa kitu. Ukurasa wa 39 kaandika kwa kalamu nyekundu neno moja na alama ya kuuliza: patanisha? Basi, hakuna kingine. Nikipiga simu hapokei.

Zimebaki wiki tatu kukabidhi. Inawezekana kubadili msimamizi kwa muda huo? Nawasilisha.

Ngoja_Waje
Ngoja waje wenye Kiswahili chao. Mimi nipo pale nimekaa.

Shangazi_Kibada
Mwanangu, msimamizi habadilishwi kama laini ya simu. Binti yangu alijaribu. Barua ilizunguka meza kwa meza karibu mwaka mzima, na mwisho wakamrudisha kwa yuleyule, ambaye sasa alikuwa amenuna. Nenda ofisini kwake asubuhi, umevaa kama mtu, umsalimie, umuulize habari za nyumbani. Usianze na hilo patanisha lako. Nyie vijana kila kitu mnataka kukimaliza kwa simu.

kidato4_milele
Mnyambuliko! Umenikumbusha machungu. Mtihani wa nusu muhula tuliambiwa tunyambue kitenzi "fa" katika kauli ya kutendewa. Nikaandika "fwa". Mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa akaniuliza, "Leo nani atafwa hapa?" Jibu lilikuwa fiwa: fa, fia, fiwa. Nilikuja kulielewa vizuri siku tuliyomzika babu, watu wanakuja kusema poleni kwa kufiwa, mimi kichwani naona ubao wa darasani. Samahani mkuu, sina ushauri.

fundi_sarufi
Mleta uzi, msimamizi wako hajakutukana. Kakuuliza swali zuri kuliko sura yako nzima. Likate mwenyewe: pat-an-ish-a. Pata, patana, patanisha. Kutendana kamtangulia kutendesha, foleni imevurugika. Nijibu kitu kimoja: kwenye data yako kuna vitenzi vingapi, na vingapi viko hivyo?

Mwana_Igoma
Asante mkuu. Vitenzi 214. Vya namna hiyo hakuna hata kimoja, ndiyo maana nashangaa anakitoa wapi.

fahali_wa_Malinya
Ndugu zetu wa Bongo, salamu kutoka Kakamega. Huku sisi tunapiganisha mafahali, asubuhi na mapema, ngoma ya isukuti inalia, wazee wamejifunga majani. Jirani yangu alimlisha fahali wake miezi, akamwimbia, akamtembeza barabarani kama bwana harusi. Siku ya siku, akakutanishwa na wa kijiji cha pili. Wakanusana, wakaanza kula nyasi pamoja. Watu tuliotoka mbali na umande huu! Ndipo nikajua huwezi kuwapiganisha kama wenyewe hawataki kupigana. Hiyo sarufi sijui, lakini piganisha ndilo neno tunatumia.

fundi_sarufi
Wa Malinya kamaliza mjadala. Wao wanapigana, yeye kasababisha. Kutendana kuko ndani karibu na mzizi, kutendesha kumekuja kukufunika kwa nje. Linganisha na harusini: bwana na bibi wamelishana keki. Pale kila mmoja anamlisha mwenzake, kwa hiyo kutendesha ndiko kumetangulia, l-ish-an-a. Mpangilio unafuata kilichojengwa kwanza kimaana. Mwanaisimu Baker aliiita Kanuni ya Kioo, mwaka 1985.

Na huyo Hyman unayejificha nyuma yake, makala hiyohiyo ya 2003 inajadili mvutano huu kwa Kichewa, lugha ya Malawi, ambako mang- ni "funga" na -its- ndiyo -ish- yetu. Mangitsana lina maana mbili, "kufungishana" na "kuwafanya wafungane". Manganitsa lina hiyo ya pili tu. Uligeuza ukurasa kweli?

Halafu vitenzi 214 havina unganisha? Fananisha? Linganisha? Gombanisha? Data uliikusanya wapi, mwezini?

mzee_wa_vikao
Hao wa kupatanisha wakipatikana mniambie. Mke wangu yuko kwao Singida tangu Pasaka.

Shangazi_Kibada
Umemfanya nini mtoto wa watu?

Mwana_Igoma
Naomba tusitoke kwenye mada. Sawa, ngoja niseme ukweli. Vilikuwa 225. Nilitoa 11.

Lakini nina sababu. Maneno hayo yameganda. Mzungumzaji wa kawaida akisema unganisha haoni vipande, analiona neno zima kama anavyoliona "meza". Nikaona nikiyaacha yatamchanganya msomaji. Na nakala nne nimeshalipia kujalidi, kwa hiyo kuandika upya haiwezekani. Nilichouliza ni kuhusu kubadili msimamizi.

fundi_sarufi
Ungeyaweka kwenye ukurasa wake, ukasema haya 11 yameganda na sababu ni hizi, ningekusikiliza. Hoja ya kuganda ina watu wake na wana akili zao. Wewe umeyafuta, kisha ukaandika "bila kukosea hata mara moja". Na kama patanisha limeganda kama meza, mbona majirani zake patana na pata wako hai, wanatembea?

Bi_Mkubwa_Chake
Mie si msomi, nauza samli na mayai. Lakini nawasoma tangu magharibi. Huyo kijana kasema "yatamchanganya". Changanya nalo si hivyohivyo? Changa, changana, changanya. Gawa, gawana, gawanya. Sie tunagawanya mkate wa kumimina kila siku ya Mungu na hatujui kama tunavunja foleni ya mtu.

Hata kuku. Ukinunua kuku mgeni, ukimwachia tu wenyeji watamdonoa mpaka afe. Unamfunga kamba mguuni siku mbili tatu, wanamzunguka, wanamtazama, mpaka unawazoeanisha. Ndivyo tusemavyo huku.

fundi_sarufi
Bi Mkubwa, shikamoo. Changanya na gawanya ni kutendesha kwa kale, ile iliyogeuza n kuwa ny. Ona, onya. Pona, ponya. Hizo mleta uzi nadhani hata hakuziona kuzitoa.

Mwana_Igoma
Hizo nilizihesabu kama mizizi.

Ngoja_Waje
Wamekuja.

Mkaguzi_Hesabu
Mimi isimu siijui, kazi yangu ni kukagua vitabu vya watu. Hebu tukague. Sura ya nne imerudi jana, lakini nakala zimeshalipiwa kujalidi. Nani anajalidi tasnifu ambayo msimamizi bado anaisoma? Kurasa 38 bila hata nukta moja nyekundu, msimamizi gani huyo, malaika? Akaunti imefunguliwa juzi. Na tangu aulize kuhusu kubadili msimamizi hakuna aliyemjibu zaidi ya Shangazi, na yeye hata asante hakumpa. Ila kila anayetaja kitenzi, jamaa yupo.

Nimehesabu. Piganisha, kutanisha, unganisha, fananisha, linganisha, gombanisha, changanya, gawanya, zoeanisha. Tisa, kutoka Kakamega mpaka Pemba, bila nauli wala posho. Chai hii, tena ya tangawizi. Hakuna sura ya nne wala kalamu nyekundu. Sisi ndio sampuli.

kidato4_milele
Dah. Na mimi nimempa "fwa" yangu bure.

fahali_wa_Malinya
Wueh! Kumbe tumelishwa nyasi pamoja.

Shangazi_Kibada
Mimi naamini ni kweli. Mtoto ana hofu, mnamsakama.

Mwana_Igoma
Mkaguzi, sina sababu ya kudanganya mtu. Kujalidi nimelipia mapema kwa sababu fundi alikuwa na punguzo hadi mwisho wa mwezi. Msimamizi yupo, ni mkali, na namheshimu. Shangazi nakushukuru sana, nitaenda asubuhi. Hayo 11 nitayarudisha kwenye kiambatisho, hata kama kichwa cha tasnifu kitabidi kibadilike kidogo, maana neno "daima" limo.

Bi Mkubwa, samahani, hilo la kuku. Wazoeanisha mnalisema Chake tu au na Wete pia? Na kama hutojali, umezaliwa hukohuko? Una umri gani?

Bi_Mkubwa_Chake
Umri wangu wa nini tena?

Mkaguzi_Hesabu
😂😂😂

fundi_sarufi
Mleta uzi, ukishamaliza na Bi Mkubwa, gombanisha uniandike mimi. Mwanamume, Tanga, miaka 52.