Naomba ushauri: straika wangu kagoma kufunga, nataka nimtumie mfano wa Forlán

Wakuu habarini, nafundisha timu ya vijana mtaani, nina straika wa miaka 16 mabao yamegoma kabisa na dogo ameanza kukata tamaa. Nataka nimtumie Diego Forlán wa Uruguay kama mfano, maana jamaa alitua Manchester United Januari 2002 akasota mpaka Septemba ndo akapata bao la kwanza, tena penati dhidi ya Maccabi Haifa, halafu 2004 akaenda Villarreal na msimu wa kwanza tu akatupia 25 akawa mfungaji bora La Liga, baadaye akiwa Atlético Madrid akafunga 32 kwenye msimu mmoja wa ligi. Kombe la Dunia 2010 ndo kabisaa, mabao 5 na tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Namkubali sana huyu mtu.

Nimemwonyesha dogo klipu za mabao, anafurahi ila uwanjani hakuna kilichobadilika. Sasa kwa mnaokumbuka, pale Villarreal alipangwaje tofauti na United mpaka akafunguka vile? Na mazoezi gani ya kupiga kwa miguu yote miwili kama yeye yanamfaa kijana wa umri huo? Natanguliza shukrani.