Krismasi, ubatizo na kuweka msalaba wa baba Rombo, watu 14 kutoka Dar: tunaanzia wapi?

Mrombo_wa_Mbezi:
Wanajamvi habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua haya mambo.

Mzee wetu alifariki Februari, amezikwa kihambani (shamba la ukoo la nyumbani) Rombo, Kilimanjaro. Mwezi wa 12 tunapanda nyumbani familia nzima, watoto watano wa mzee na wajukuu, jumla 14. Yumo mama (sukari, anachoma insulini) na kichanga wa miezi 5 ambaye tunataka abatizwe huko huko. Wazo lililopo ni kuweka msalaba tarehe 26, ubatizo siku hiyo hiyo, na wageni kama 150. Kaburi bado ni udongo tu. Kwenye grupu la familia kila mtu anasema "tutaona". Mimi ndiye dada mkubwa, lawama zote zitanishukia. Tupange vipi usafiri, kaburi, chakula na michango?

Katekista_Mstaafu:
Pole kwa msiba, dada. Kwanza ondoeni msalaba tarehe 26. Parokia za Rombo wiki ile zimefurika watu wa mjini, na padre ana misa za vigango (makanisa madogo yaliyo chini ya parokia). Ubatizo uende na siku ambayo parokia imeshaipanga, na msalaba uwe tarehe 27 au 28. Mkibanana na siku moja, padre akichelewa saa mbili kigangoni, chakula kinapoa na wazee wanaondoka kabla ya ibada ya kaburini.

Kwa mtoto, anzeni sasa hivi parokiani kwenu Dar. Mnahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa paroko, na ili aiandike lazima mwenyekiti wa jumuiya yenu (kikundi cha Wakatoliki wa mtaani) awatambue. Kama huwa hamwendi jumuiya, hapo ndipo wengi wanakwama. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na cheti cha ndoa ya wazazi. Msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na awe ametimiza miaka 16. Semina ya wazazi ifanyikeni Dar na iandikwe kwenye barua, la sivyo mtaambiwa muifanye huko, na huko mna siku nne tu.

Halafu mpigie paroko wa nyumbani mwezi wa 11. Kumtokea ofisini tarehe 24 na mtoto mkononi ni kumwonea.

FundiSaruji:
Dada, hilo la kaburi ndilo lenye haraka kuliko yote, na wewe umelitaja katikati kama vile dogo.

Kuzikwa Februari ni afadhali, udongo umepigwa na masika yote na umeshuka. Anayejengea mwezi wa pili baada ya mazishi anajenga juu ya shimo: udongo unashuka chini ya zege, tailizi zinapasuka katikati. Hata hivyo mwambie fundi ashindilie upya na kujazia kabla ya kuanza. Kihamba kikiwa kwenye mteremko, msingi wa upande wa chini uende ndani zaidi, na maji ya migomba yakatiwe mfereji yasipite chini ya kaburi.

Kwa kipimo cha mita 2.4 kwa 1.2, tofali za inchi 6 mistari miwili:
– tofali 32, nunua 35 kwa sababu ya zitakazovunjika njiani
– saruji mifuko 6 (msingi, zege la juu, kujengea, kupigia tailizi), weka 1 wa akiba
– nondo za milimita 10 vipande 3 vya mita 12, zikatwe na kusukwa kila sentimita 20
– zege la juu sentimita 10, mchanganyiko ndoo 1 ya saruji, 2 mchanga, 4 kokoto

Nondo zisilale kwenye udongo. Ziinuliwe kwa vibiskuti vya zege vya sentimita 2 na nusu. Fundi akisema ataziinua kwa mkono wakati wa kumwaga, huyo anawadanganya. Baada ya kumwaga, zege limwagiliwe maji asubuhi na jioni siku 7, lifunikwe magome ya migomba. Tailizi baada ya siku 14. Piga hesabu mwenyewe: fundi awe ameanza kabla ya tarehe 15 Novemba. Desemba mafundi wote wa kule wanamaliza nyumba za watu wa mjini, utapata kijana wa kubeba zege anayejiita fundi.

Hela ya ufundi itoke kwa awamu tatu, na kila awamu akutumie picha yenye futi imelazwa juu ya kazi. Picha ya mbali haina maana.

Suka_wa_Segera:
Usafiri. Watu 14 na mizigo ya Krismasi, kuna njia tatu.

Basi: kata tiketi za kurudi kabla ya za kwenda. Kwenda watu wanagawanyika wiki mbili, ila kurudi wote wanataka siku zile zile kabla shule hazijafunguliwa. Ukikaa kusubiri utawagawa watoto kwenye mabasi manne.

Treni ya TRC hadi Moshi: nafuu, watoto wanatembea, mama ananyoosha miguu. Lakini haiendi kila siku, inalala njiani, na ukishuka Moshi bado una Himo, Marangu na kuzunguka mlima hadi kwenu.

Coaster ya kukodi: kwa kundi lenu mimi napendekeza hii. Mwenye gari akuoneshe kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha kukodi na bima iliyo hai, usikubali "tutaelewana na trafiki njiani". Mkataba uandike kama dereva analala huko kwa gharama ya nani, na mafuta ya mizunguko ya huko ni ya nani. Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Madereva wawe wawili. Ni kama kilomita 560 hadi Moshi, na kwa spidi 80 na vibao vya 50 kila kijiji, hesabu muda wa saa kumi nzima barabarani.

Ondokeni saa 10 alfajiri. Mkiwa Mbezi sawa, mtapita Kibaha kabla malori hayajaamka. Kama baadhi yenu wako Tegeta au Bunju, wasirudi mjini, wapite Bagamoyo hadi Msata mkutane hapo.

Sasa kitu ambacho wageni wa njia hawakijui. Dar hadi Himo watoto hawatapiki, barabara imenyooka. Kona zinaanza Himo kupandisha Marangu na kuzungukia Rombo, wakati wameshachoka na wamejaa soda. Chakula cha mwisho cha maana wale Korogwe au Same. Wanaotapika wahamie viti vya mbele Himo. Kichanga avae nyepesi kutoka Mombo hadi Mwanga maana pale ni joto kali, sweta litolewe Himo. Mkianza kupanda anyonye, masikio yazibuke.

Nesi_wa_Zamu:
Naongezea kwa mama. Insulini isikae kwenye buti wala kwenye dashibodi. Chupa ya chai yenye mdomo mpana, ndani kitambaa, pembeni barafu iliyofungwa kwenye taulo. Isigusane na barafu, ikiganda imekufa hata kama inaonekana nzima. Abebe dozi za siku zote na za wiki moja ya ziada, sindano zake na kipimo, na nusu ya dawa iwe kwenye mkoba wa mtu mwingine. Asichome asubuhi halafu msimame kula saa 6. Akichoma, ale. Mfukoni awe na glukosi au pipi. Msimame kila baada ya saa mbili atembee dakika 10, miguu isivimbe. Dozi yenyewe ya siku ya safari amuulize daktari wake kliniki ijayo, msimpangie nyinyi.

MamaKiburu:
Chakula cha watu 150. Msinunue ng'ombe. Ng'ombe wa kilo 250 anatoa nyama karibu kilo 120, hamna friji, nusu itaishia kugawiwa usiku kwa tochi. Mbuzi wa kilo 25 hadi 30 anatoa kilo 12 hadi 14 na mifupa yake. Wawili wanatosha supu na mchuzi, wa tatu awe ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) na damu yake ya kisusio (supu ya damu). Wanunuliwe wiki ya kwanza ya Desemba na wafungwe nyumbani, tarehe 20 bei inapanda kila asubuhi. Mkiwa na ndugu au majirani Waislamu, mwite Mwislamu awachinje wote watatu, isiwe sufuria mbili. Bwana mifugo akague nyama. Na mgao wa nyama una wenyewe, muulizeni mzee wa ukoo kabla kisu hakijapita kwenye maungio.

Mchele kilo 20, mafuta lita 4, vitunguu kilo 5 kwa pilau tu. Ndizi za machalari mikungu 6, mkungu wa wastani unalisha watu 20 hadi 25 ukishamenywa. Kuni zinunuliwe Novemba na ziwekwe darini, mvua za Desemba zisiwakute mnapuliza moshi.

Mbege (pombe ya ndizi na ulezi) haikimbizwi. Kama msalaba ni tarehe 27:
– ndizi zivundikwe kuanzia tarehe 15
– zichemshwe tarehe 21 hadi ziwe nyekundu, zikae kwenye pipa zichachuke
– ulezi uloweshwe, uoteshwe na kuanikwa mapema kabisa, jua la Desemba halina uhakika
– tarehe 26 uji wa ulezi upikwe na UPOE, ndizi zichujwe, vichanganywe

Wanaochanganya uji ukiwa moto wanapata pombe isiyoumuka. Msesewe (magome machungu ya mti) kidogo tu, ukizidi wazee wataonja na kuweka kata chini bila kusema neno, nawe utajua.

Mrombo_wa_Mbezi:
Asanteni sana, naandika kila kitu. Kuna jambo sikulisema. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa mila ndiye anabaki na kihamba, anasema hachangii kaburi mpaka suala la kihamba lijadiliwe. Kaka wa Mwanza naye ameahidi kutoa nusu ya kila kitu "tarehe 20".

Isale:
Hao wawili ni magonjwa tofauti, dada.

Wa tarehe 20 msimpe kitu kinacholipwa mapema. Pangeni matumizi kwa tarehe ya kulipa: kaburi (Oktoba na Novemba), malipo ya awali ya gari (Novemba), mbuzi na kuni, mwisho soda, mchele na sadaka. Yeye apewe la mwisho. Na msikusanye kwa kichwa. Kila mmoja achukue kitu kizima: huyu gari, huyu mbuzi, huyu saruji. Mtu anaona aibu kuacha gari bila mafuta kuliko kuacha deni lisilo na jina kwenye grupu. Kinachobaki kiwe kwenye M-Koba (akaunti ya kikundi ya kwenye simu) au akaunti ya watia saini wawili, na wewe usiwe mmoja wao.

Mdogo wenu ana hoja, ila siku siyo. Kikao cha kihamba kiwe chake, asubuhi ya tarehe 29, wageni wakiwa wameondoka, mzee wa ukoo akiongoza. Mtangazieni tarehe hiyo leo kwenye grupu, maana anachoogopa ni mle Krismasi mpande gari. Kikao kiandikwe muhtasari, waliohudhuria wote watie saini, mpendekeze msimamizi wa mirathi. Muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) ndivyo mtu anakwenda navyo mahakama ya mwanzo kujaza fomu namba 1. Bila hivyo hata mkikubaliana mpaka machozi, ni maneno tu.

Kama mlishatukanana, baba mkubwa ashike sale (jani la kuombea msamaha kwa Wachaga) ampelekee kabla ya safari. Mchaga akiletewa sale kwa ajili ya ndugu yake, kukataa ni kazi ngumu.

Suka_wa_Segera:
Hapo kwenye tarehe 29, basi Coaster irudi 30. Mkirudi jioni ya 29 baada ya kikao, dereva hajalala.

Mrombo_wa_Mbezi:
Nimeelewa: ubatizo kwa siku ya parokia, msalaba 27, kikao 29, kurudi 30. Mama ameridhia nilipompigia. Swali la mwisho kwa FundiSaruji, jiwe la jina tuchongeshe Dar au Moshi?

FundiSaruji:
Popote, mradi lisafiri limesimama wima katikati ya magodoro, likilazwa kwenye buti linakatika. Vipimo vya nafasi chukua kwa fundi baada ya tofali kujengwa, usikisie. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kifo, na tarehe zisomwe na watu wawili, mama akiwa mmoja wao, kabla hujalipa. Jiwe likishachongwa "1984" badala ya "1948", hakuna fundi anayerudisha hela.